Mto Tulioufagia

Nasimiyu binti yangu,

Nakusikia kule chumbani ukikunja nguo na kuzikunjua tena. Mimi niko hapa jikoni na kalamu, na nimekasirika. Nakwambia mapema usije ukadhani hii ni barua ya mama anayelia kwa sababu mtoto anaondoka. Kulia nitalia kesho ukishapanda gari la Kitale, na hayo yatakuwa yangu. Leo nina hasira. Umeichokoza wewe mwenyewe, halafu watu wa maombi wakaja kuikoleza.

Sitakuambia ubebe sweta. Kitale kuna baridi na mwili wako utakwambia wenyewe. Sitakuambia utafute kanisa, wala ule vizuri, wala ujihadhari na wanaume wenye maneno matamu. Hayo shangazi zako wamekwambia tangu Jumapili mpaka nikawaonea huruma masikio yako. Mimi nataka kukwambia habari ya mto.

Juzi tukiwa mezani ulitueleza kazi unayokwenda kuifanya katika ile ofisi ya bonde la mto. Ulisema kiangazi hiki ofisi itapima na kupanga upya maji ya mto wetu: nani achukue kiasi gani, na kama lile bomba la pili la kwenda mjini lijengwe au lisijengwe. Nilikuwa nakusikiliza huku najivuna. Mtoto niliyemzaa Januari, nyasi zikiwa zimekauka hata ng'ombe anakuangalia kwa lawama, ndiye anakwenda kukaa mahali maji yanapogawanywa. Halafu ukasema, "Lakini Mama, mto wetu hauna shida kubwa. Ulipimwa kiangazi ukakutwa na maji mengi. Shida ni watu wa Kapsokwony kule mlimani na mitaro yao. Hiyo ikifungwa yote, maji yatatosha."

Baba yako akatikisa kichwa kukubali, kama mzee wa kanisa. Mimi nikainuka nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa imeshaoshwa.

Sikukujibu kwa sababu ningekujibu vibaya. Nakujibu sasa. Hicho kipimo unachokitegemea, mimi mama yako ndiye niliyekipika.

Ulikuwa shule ya bweni wakati ule, na uliporudi likizo ulikuta mambo yameisha. Naibu wa chifu alikuwa ametangaza kwamba wapimaji wanakuja kuona kama mto wetu unafaa kujengewa bomba. Tukafurahi mpaka tukaimba. Lakini ilikuwa kiangazi. Ulijua mto wetu wa kiangazi ulivyokuwa. Maji yalipita katikati ya mawe kama yanajificha. Sisi wa chini tulichota kwa kikombe, na wale wa juu walikuwa wakiyaelekeza kwenye mitaro yao ya kabichi na vitunguu kama walivyofanya babu zao. Tulikaa kikao pale kwenye kivuko, sisi wanawake wa kikundi cha maji, na mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wao. Mmoja akasema, "Wageni watakuja waone hii? Si watageuza gari warudi?" Mwingine akasema, "Ati mto! Hii ni mkojo wa mbuzi."

Tukaona aibu. Nataka uielewe aibu hiyo, kwa sababu ndiyo iliyotumaliza. Kwetu mgeni akija, hata kama jana mmelala njaa, leo atakula jogoo. Utakopa unga, utakopa sukari, utafagia uwanja mpaka mawe yang'ae, na watoto utawaficha nyuma ya nyumba wasije wakaomba mfupa mbele ya watu. Nilifundishwa hivyo na mama yangu na nikakufundisha wewe. Sasa tukaona mgeni anakuja kuutazama mto, basi mto nao ufagiwe.

Nikapanda pikipiki mpaka Kapsokwony kwa Chebet.

Unamkumbuka Chebet, yule tuliyekuwa tukiketi naye Chwele siku ya soko, yeye na kabichi zake, mimi na maharagwe yangu. Alikuwa akikubebea viazi vya kuchemsha ukiwa mdogo. Yeye na jirani zake ndio wenye mitaro ya kwanza kabisa, pale mto unapotoka msituni. Nilimkuta shambani. Nikamwambia wageni wanakuja, na kama mto utaonekana hivi bomba litapelekwa kwingine, na kwamba bomba likija hata wao watawekewa mifereji ya bomba majumbani. Nikamwomba wafunge mitaro.

"Siku ngapi?" akaniuliza.

"Mbili tu. Wageni wakienda, mnafungua."

Akaangalia shamba lake. "Hii kabichi iko karibu kufunga kichwa. Siku mbili na jua hii, si kidogo." Kisha akacheka. "Lakini mgeni yako ni mgeni yangu, bana. Akikuja akute mto uko mtupu, si aibu ni yetu sisi wote? Wacha niongee na wazee."

Wakafunga. Watu wa mlima, ambao wewe mezani kwangu umewaita shida, walijaza magunia udongo wakaziba midomo ya mitaro yao wenyewe, jua likiwaka, ili sisi tusiaibike. Kesho yake mto ukashuka kwetu umejaa, unapiga kelele. Tulikata nyasi za kivukoni. Ng'ombe tukawazuia wasikanyage tope. Kuna mama aliyekuwa akisugua mawe kwa brashi, nakuapia, mpaka tukamcheka.

Wapimaji wakaja. Mkubwa wao alikuwa kijana mpole mwenye gambuti mpya. Akaingia majini na fimbo yenye kitu kama feni ndogo chini yake, akaisogeza huku na huku, akawa anasoma na kuandika. Alipotoka akaniuliza, "Mama, mto huwa hivi kiangazi chote?"

Nikamjibu, "Huwa hivi, mwanangu. Mungu ametubariki."

Akala jogoo na ugali wa wimbi, akashukuru sana, akaondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Mgeni alikuja. Sisi kupona bado tunangojea.

Nimejikasirikia kwa lile jibu miaka yote hii, lakini leo sitaki kujikasirikia peke yangu, maana ningekuwa najionea. Nina hasira na yule kijana pia. Kwa nini hakupanda juu hata kidogo? Angetembea mpaka kwenye mitaro angekuta magunia bado mabichi. Kwa nini hakurudi wiki iliyofuata bila kutuambia? Mawe ya kivukoni yalikuwa meupe kwa ukavu mpaka pale maji yalipofika siku ile, na mtu mwenye macho angejiuliza. Alitujua kama mtu anavyomjua jirani siku ya harusi yake, amenyoa na amevaa suti. Na kwa siku hiyo moja wakapanga maji ya watu kwa miaka.

Yaliyofuata unayajua nusu. Bomba likachimbiwa, vijana wetu wakachimba mtaro wake wakiimba, likapita chini ya migomba yetu. Uwanjani kwetu tukawekewa mfereji. Mvua ilipokuwa nyingi ulitoa maji, na baba yako akawa anaufungua na kuufunga bila sababu, apate tu kuusikia. Kiangazi kikaingia. Mpango ulikuwa umeandikwa kwamba mji upate mgao wake kwanza, na mgao wenyewe ulikatwa kutoka kwenye ule mto wa jogoo, mto ambao haukuwako. Kwa hiyo tawi la bomba la kuja kwetu likafungwa. Na pale bomba linapoanzia, maji yakachukuliwa karibu yote, kivuko chetu kikabaki mawe. Kabla ya bomba tulikuwa na mto wa kikombe. Baada ya bomba hata kikombe hakikuzama.

Leo ule mfereji tunaufungia ndama. Lakini ukienda kwenye migomba jioni kukiwa kimya, ukainama karibu na lile sanduku la zege lenye koki ya bomba kubwa, unayasikia maji yakipita chini kwa chini. Nimewahi kuinama pale na mtungi mtupu mgongoni. Sitakwambia nilitukana nini.

Watu wa mpango walipoona maji hayafiki mjini kama walivyoandika, hawakusema kipimo kina kasoro. Wangesemaje, na kipimo kiko kwenye karatasi? Walisema kuna wizi. Wakapanda Kapsokwony na askari, wakaifunga mitaro ya Chebet na jirani zake, na safari hii hayakuwa magunia. Ilikuwa zege. Hawakuachiwa zamu hata ya siku moja. Kabichi zilikaukia shambani zimesimama.

Siku ya soko Chebet akanijia pale nilipoketi. Hakuwa na mzigo wowote. Akasimama mbele ya maharagwe yangu akasema, "Mama Nasimiyu, ulikuja kuniomba siku mbili. Sasa zimekuwa maisha."

Unajua nilimjibu nini? Ningeweza kusimama nikamshika mkono. Ningeweza kusema mbele ya soko zima kwamba mimi ndiye niliyeomba na mimi ndiye niliyedanganya. Lakini watu walikuwa wameanza kugeuka kutusikiliza, wateja wangu na akina mama wa kikundi, na aibu ile ile ikanipanda. Nikasema kwa sauti, "Nyinyi watu wa mlima mnafikiri mto ni wa mama yenu? Mmetunyima maji miaka yote, sasa mnalia nini?"

Wakacheka, wakanipigia makofi. Chebet akanitazama kidogo, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuketi tena upande wangu wa soko.

Na huo uongo wa sokoni ndio uliokua mpaka ukaketi mezani kwangu juzi, mdomoni mwako, umevaa nguo za shule. Uliusikia kwa majirani ukiwa likizo, ukaukuta tena kwenye ripoti, ukaona basi ni kweli, maana umetoka pande mbili. Pande zote mbili zilitoka kwangu! Ndiyo maana nilikwenda kuosha sufuria safi. Nilikukasirikia wewe, lakini wa kukasirikiwa alikuwa ameshika sufuria.

Usinielewe vibaya ukafikiri zamani kulikuwa na malaika mtoni. Bibi yako alikuwa akinihadithia jinsi wazee wa juu na wa chini walivyokaa kila kiangazi kupeana zamu za maji, watu na mifugo kwanza, mashamba baadaye, na akanihadithia pia jinsi walivyopasuana vichwa kwa majembe zamu ziliporukwa. Lakini walipigana huku wote wanauona mto. Hakuna aliyeambiwa kwamba mto umejaa na yeye mguu wake umekauka.

Na mtu wa mjini sina ugomvi naye. Mama yako mdogo yuko Bungoma na watoto kwenye nyumba ya kupanga, na kila asubuhi anamngojea mtu wa mkokoteni mwenye mitungi, asijue maji yenyewe yametekwa wapi. Naye amezaliwa hapa hapa kwenye mto huu. Nani atamwambia asioge?

Wiki iliyopita, baada ya barua yako ya kazi kufika, nilipanda tena Kapsokwony. Sikukwambia. Nilimkuta Chebet amezeeka kuliko mimi. Ameacha kabichi, amepanda mahindi ya kungojea mvua kama sisi wa tambarare. Alinipa kiti. Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyalimbikiza, na kwamba sasa mtoto wangu anaingia ofisi ile ile na mto utapimwa upya. Nilitaka aseme amenisamehe, nisikufiche. Akaniuliza, "Na safari hii mnataka tufunge, ama tufungue?"

Niliteremka mlima na swali lake kama punje ya mahindi iliyokwama kwenye jino.

Leo ndio wakaja watu wa maombi. Nilikuwa nimeshajituliza. Wamekuombea vizuri, sina lawama, ingawa yule mhubiri alirudia mara nyingi kwamba sasa "tuna mtu wetu" huko Kitale mpaka nikaanza kuchoka. Walipokuwa wakinywa chai, Mzee Wafula wa kamati ya maji akaniita kando, pale kwenye mfereji wa ndama. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Nasimiyu, msichana akipangiwa kuja kupima, si atupigie simu mapema? Safari hii tutaupanga vizuri. Watu wa juu tunawaomba wavunje ile zege usiku, wamwage maji yote kwa mashamba. Akikuja akute mto umekauka kabisa. Hiyo bomba ya pili itakufa hapo hapo."

Aliona ni akili kubwa. Na nikwambie ukweli wa Mungu, kwa muda kidogo niliipenda fikra ile. Nikaona mfereji wetu ukitoa maji. Nikamwona Chebet akirudi upande wangu wa soko. Nikaona wale wa ofisini wakila walichotulisha. Halafu nikakuona wewe umesimama katikati ya mto na ile fimbo, unasoma na kuandika, unatuamini sote tuliosimama ukingoni na nyuso zetu za kanisani. Nikakumbuka yule kijana wa gambuti. Naye alikuwa na mama mahali fulani.

Nikamwambia Mzee Wafula anywe chai yake ipate kwisha. Alikasirika. Tayari ameanza kuwaambia watu kwamba nimekuzuia usisaidie kwenu. Kesho wakati wa kukusindikiza utamwona amenuna, na sasa unajua ni kwa nini.

Mficha uchi hazai, husema watu, na sisi tuliuficha uchi wa mto. Sitaki uufiche wala uuvue kuliko ulivyo. Nataka uandike ulivyo, hata kama ulivyo hautufai. Ukikuta bado una maji ya kumgawia mama yako mdogo, mgawie. Ukikuta hayatoshi, wasijenge bomba la pili, na la kwanza lipunguziwe, na Chebet arudishiwe zamu yake. Na ukiulizwa pale ofisini kipimo cha zamani kilipatikanaje, sema. Nitaje jina. Nimewaonea aibu wageni, nikawaonea aibu wateja wa maharagwe, nimechoka. Hii ya kutajwa na mtoto wangu nitaibeba.

Kitu kimoja tu nitakuomba, na kwa mama ni kigumu kukiomba. Usinipigie simu. Simaanishi simu za salamu, hizo piga kila siku ukitaka, nataka kusikia kikohozi chako. Nasema siku utakapokuja kupima. Usimwambie Mzee Wafula, usimwambie naibu wa chifu, usimwambie baba yako ambaye siri haimkai tumboni hata kwa dawa. Na usiniambie mimi. Mimi hasa. Nikijua unakuja nitafagia. Sitajizuia, mikono yangu haijui njia nyingine ya kupenda.

Anzia juu, kwenye zege ya Chebet, uteremke na mto kwa miguu. Ukifika kwetu utaona moshi wa jikoni kwangu, nami nitakuwa hapo hapo ndani, sina habari. Pita. Njaa ikikuuma, pita. Shuka mpaka kivukoni ukapime kwanza.

Ukishaandika, ndipo upande nyumbani. Jogoo hatakuwako, uwanja utakuwa na kinyesi cha ndama, na maji ya kukupa ya kunywa yatakuwa ni yale yatakayokuwa yamebaki ndani ya mtungi. Yatazame kabla hujayanywa, uone ni kiasi gani.

Ni mimi mama yako,
Nanjala